Ghala Kwanza, Duka Baadaye: Siku Thelathini Naguru bila Manunuzi ya Ziada

Kutoka juu ya kilima cha Naguru, jijini Kampala, hadi maduka ya Lugogo ni mteremko mtupu. Bodaboda huiachia pikipiki ishuke yenyewe, na kabla hujamaliza kujibu ujumbe mmoja wa simu umeshafika mlangoni. Shida iko kwenye kurudi: mlima unapanda, mifuko miwili inakata vidole, na ndani yake mna vitu ambavyo asubuhi hukuvikumbuka kabisa. Kikombe cha tano cha kahawa. Kizulia cha mlangoni. Sabuni yenye harufu ya maua ambayo hujapata kuyaona maishani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuukatiza mteremko huo kwa siku thelathini. Atanunua chakula, atalipa kodi, umeme, maji, nauli, dawa na karo, na mengine yote atayaacha dukani. Haukufundishi kuwa mkono wa birika. Ukiufuata sawasawa, fedha zitakutoka karibu kila wiki, ila zitamwendea mtu anayefanya kazi badala ya kununua kitu kitakachokaa kikisubiri vumbi. Neno langu kwako ni moja: lipia mikono kabla ya kulipia vitu.

Unamhusu nani

Naguru ni kilima kimoja chenye mitaa inayotazamana bila kusalimiana. Juu kuna nyumba za geti, hoteli na ua wenye miti. Kando ya barabara ya Katalima yako makao makuu ya polisi. Chini kuna mtaa wa Go-Down, vyumba vimebanana, na maisha hununuliwa kwa vipimo vidogo: mafuta ya kula ndani ya kaveera, kimfuko cha plastiki cha kufungwa fundo, sukari ya chai ya leo, makaa ya kupikia usiku huu. Anayeishi hivyo kwa sababu kibarua cha leo ndicho chakula cha leo hahitaji mwongozo wa kutonunua. Anaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Isitoshe, Uganda imewahi kuona maduka matupu bila mtu kuulizwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao yakagawiwa watu wengine, na katika miaka iliyofuata sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kupangia foleni au kununua kwa magendo. Machi 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga masoko ya bidhaa zisizo chakula. Wauza vyakula wakatakiwa walale sokoni, wengine wakatundika vyandarua juu ya meza zao, na waliopoteza kipato jijini wakagawiwa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Aliyepita humo hana haja ya kufundishwa kukosa. Mwenye haja ya mazoezi ni yule ambaye duka liko wazi, fedha ipo, na bado anataka apite bila kuingia.

1. Chagua mwezi

Mwaka 1992, huko Vancouver nchini Kanada, msanii Ted Dave alianzisha siku moja ya mwaka ya kutonunua chochote, na desturi hiyo ikaenea nchi nyingi. Kama ishara ni nzuri, lakini kwa pochi siku moja haitoshi: ulichokiacha Ijumaa utakifuata Jumamosi. Siku thelathini zinavuka mshahara mmoja, na mshahara ndipo palipo mtihani.

Epuka Desemba. Epuka pia wiki za kufungua shule, yaani mwanzo wa Februari, mwishoni mwa Mei, na mwezi wa Septemba, maana orodha ya shule haina subira, na mzazi aliyechoka hununua na visivyoandikwa. Kama unafunga Ramadhani, usiunganishe mifungo miwili. Mwezi wa kufunga huishia kwenye nguo mpya za Idi, na hakuna sababu ya kugombana na furaha hiyo.

Kisha anza siku ileile ya mshahara. Watumishi wa serikali kwa kawaida hulipwa ifikapo tarehe 28, na pembezoni mwa kambi ya polisi wachuuzi huisubiri tarehe hiyo kama waumini wanavyousubiri mwezi mwandamo. Ukisema utaanza tarehe 5, utakuwa umeshanunua.

2. Fungua ghala

Jina Go-Down linafanana na neno la wafanyabiashara la zamani lenye maana ya ghala. Basi kabla ya kufunga duka, fungua ghala lako mwenyewe.

Tenga Jumamosi moja asubuhi. Pitia sehemu nne tu: kabati la jikoni, kabati la nguo, bafu, na ile droo au katoni ambamo kila nyumba hutupia nyaya, betri na funguo zisizojulikana za mlango gani. Toa kila kitu nje, kipange sakafuni kwa aina yake, kisha hesabu. Usihesabu kwa macho. Macho husema "mashati machache", mkono husema kumi na sita.

Mimi nilikuta miavuli minne. Kampala ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na inaonekana kila msimu nilikuwa nauanza kwa kununua mwavuli. Mitatu ilikuwa imevunjika ubavu mmoja tu. Nilikuta chaja saba, zinazofanya kazi zikiwa mbili tu. Nilikuta pia losheni tano zilizoanzwa, zote zikiwa nusu, kwa kuwa kila mpya ilikuja kabla ya ya zamani kwisha.

Andika ulivyovikuta katika safu tatu: *kipo na kinafanya kazi*, *kipo ila kinahitaji fundi*, *hakipo*. Watu hukimbilia safu ya tatu. Wewe kaa na ile ya katikati, kwani ndiyo itakayokupa kazi mwezi mzima.

Wakazi wa zamani wa hapa walihesabu ghala zao kwa njia chungu. Julai 2011 nyumba za wafanyakazi za Naguru na Nakawa, zilizojengwa wakati wa ukoloni, zilibomolewa, na zaidi ya familia 1,700 zikalazimika kuondoka. Mtu anayepakia maisha yake kwenye gari la kukodi hujua papo hapo kipi cha kubeba na kipi kitakachobaki kwenye kifusi. Wewe una bahati ya kujiuliza swali hilohilo ukiwa umekaa sakafuni, chai iko pembeni na paa liko juu.

3. Andika orodha tatu

Ahadi ya kichwani huyeyuka. Chukua daftari la kawaida, kurasa tatu.

*Ruhusa.* Chakula, kodi, umeme wa Yaka na maji, nauli, dawa, karo, kutengeneza kilichoharibika, na kutoa, yaani sadaka, rambirambi na michango uliyokwisha kuahidi. Kitu cha lazima kikiisha, kibadilishe kwa kimoja cha aina ileile: dawa ya meno kwa dawa ya meno, si pakiti ya tatu kwa sababu ya ofa.

*Hapana.* Nguo, viatu, vyombo, mapambo, vifaa vya simu, vipodozi vya aina uliyonayo. Ongeza udhaifu wako mwenyewe, uutaje kwa jina. Kama ni mito ya kochi, andika "mito ya kochi".

*Subiri.* Huu ndio ukurasa wenye akili. Kila ukitamani kitu, kiandike hapa: tarehe, bei, na *ulikiona wapi*. Usibishane na tamaa. Ipe mstari wake, uendelee na safari.

Kisha amua mapema mambo ya katikati, maana mwezi huvuja hapo. Saluni? Kwangu kunyoa na kusuka ni ruhusa, kwa kuwa unalipia mikono. Wigi jipya ni kitu, linakwenda *Subiri*. Rolex ya barabarani, chapati na mayai yaliyoviringishwa pamoja? Ni chakula na ni kazi ya mtu, lakini ipe kikomo, tuseme mara mbili kwa wiki. Bando la intaneti? Kiasi kilekile ulichotumia mwezi uliopita, bila nyongeza.

Vidogo ndivyo vya kuogopwa. Tuseme kila siku ya kazi unatoa shilingi 5,000 kwa soda, karanga, vocha na kitu kimoja cha njiani. Siku 22 za kazi zinakuwa shilingi 110,000. Iweke namba hiyo kichwani, tutakutana nayo mwishoni.

4. Badili njia, tuliza simu

Usitegemee moyo mgumu. Moyo mgumu hulegea saa kumi na mbili jioni ukiwa na njaa. Badili njia.

Kama unapita Lugogo kila siku kwa sababu boda hushukia huko, mwambie apitie upande mwingine. Ukienda soko la Nakawa, nenda na orodha na noti mkononi, pochi ibaki nyumbani. Jihadhari na saa za jioni, wachuuzi wanapotandika bidhaa pembeni mwa barabara katika masoko yale yanayoitwa *toninyira mukange*, Kiganda chenye maana ya karibu "usinikanyagie changu". Pale huhitaji kuingia dukani, maana duka limelala miguuni pako. Mimi huvuka barabara. Sioni haya.

Simu ni barabara nyingine, nayo haina upande wa pili. Tangu MTN ilipoanza huduma ya fedha kwa simu nchini mwaka 2009, umbali kati ya kutamani na kulipa umekuwa tarakimu chache za siri. Fanya mambo matatu. Kwanza, siku ya mshahara toa kwa wakala fedha ya matumizi ya wiki, iweke kwenye bahasha, uishi nayo. Toa mara moja kwa wiki badala ya kila siku, maana ada za kutoa huenda kwa ngazi, na juu yake kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kila unachotoa. Pili, usiguse mikopo ya simu, kama MoKash au Wewole, kwa kitu chochote kilicho nje ya *Ruhusa*. Sketi iliyonunuliwa kwa mkopo huanza kuchakaa kabla hujaimaliza kulipa. Tatu, kwenye WhatsApp nyamazisha kwa siku thelathini wote wanaotangaza bidhaa. Wengi wao ni rafiki zako, binamu, mtu mliyesoma naye, na ndiyo maana wanauza: huwezi kumpita binamu kama unavyopita bango. Viatu vinaletwa na boda hadi getini, unalipa ukipokea, na kumrudisha boda na mzigo wake ni aibu.

Kuna pia yule mama anayeingia ofisini na mfuko mkubwa wa nguo. Anakujua jina, anajua na kipimo chako. "Nnyabo, chukua tu, utanilipa mwisho wa mwezi." Usimkimbie, wala usimpe hadithi ndefu. Mwambie, "Mama, mwezi huu sinunui nguo kabisa, mwezi ujao nitakutafuta mwenyewe." Neno *kabisa* ndilo linalofanya kazi. Ukisema "hii rangi sijaipenda", kesho atakuletea nyingine.

5. Jikoni pasivuje

Kwa kuwa chakula kina ruhusa, tamaa zote zilizofukuzwa dukani zitahamia jikoni. Ghafla utajikuta na hamu ya jibini, ya maji ya matunda ya boksi, ya viungo vya nchi ambako huna ndugu. Weka mpaka huko pia: safari moja ya soko kwa wiki, orodha iandikwe nyumbani, baada ya kula.

Jenga wiki juu ya vile vinavyokaa: maharage, unga wa posho, karanga za kusaga, mukene, yaani dagaa wakavu. Loweka maharage usiku. Yatakula makaa machache. Maharage yaliyobaki usiku, ukiyachanganya na muhogo au matoke, ni katogo ya asubuhi, na mwenye katogo tumboni hapiti kwa muuza maandazi. Beba chakula cha mchana kwa chombo. Chombo unacho. Ulikihesabu.

Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita na kila kilo, kwa sababu tu hana fedha ya kununua kingi kwa mara moja. Dawa yake ni jirani. Nyumba nne zikichangia jerikeni moja la mafuta la lita 20, kila moja inapata lita 5 kwa bei ya jumla. Gunia la makaa na mkungu mkubwa wa matoke vinagawanyika vivyo hivyo. Mapema miaka ya 1960 mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti katika nyumba za Nakawa na Naguru, na kitabu chake cha 1969 kinahusu majirani wa makabila mengi waliopanga mlango kwa mlango. Nyumba hizo hazipo tena. Mlango wa jirani bado upo, gonga.

6. Lipia mikono

Hapa ndipo mtu mwenye huruma huuliza: tukiacha kununua sote, nani atamlisha aliyetandika bidhaa barabarani? Ni swali la haki. Naguru ya chini inakula kwa kuwa Naguru ya juu inanunua. Ndiyo maana sikushauri ufunge pochi. Igeuze.

Rudi kwenye ile safu ya katikati ya ghala. Kila wiki chagua vitu viwili au vitatu, uvipeleke kwa fundi. Kuna fundi cherehani barazani, mwenye mashine ya kukanyaga na kopo la vifungo visivyofanana. Kuna fundi viatu chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Kuna fundi simu ndani ya kibanda kisichozidi kabati kwa upana. Kwa sufuria iliyotoboka, sigiri iliyokatika mguu au kiti cha chuma, kuna mafundi wa Katwe, ambao umaarufu wao unajulikana Kampala nzima. Shilingi unayompa fundi hubaki mtaani, inageuka karo na unga jioni ileile. Ile ya chupa mpya ya plastiki, sehemu kubwa imeshapanda meli kabla hujafungua kifuniko.

Maduka makubwa ya kigeni yameshatufundisha jambo hili. Uchumi ilifunga milango yake Uganda mwaka 2015, Nakumatt 2017, Shoprite 2021. Kila moja ilipokuja tulishangilia kama tumeletewa maji ya bomba. Fundi wangu wa cherehani amekaa baraza lilelile muda wote huo.

Ili ufundi usikugharimu kuliko kununua, fuata mambo haya. Patana bei kabla hajashika mkasi. Mpe siku ya kuja kuchukua, na siku hiyo nenda kweli. Peleka vitu vichache kwa wakati. Ukimwachia mzigo, utakaa chini ya meza. Kwa simu, omba akurudishie kifaa cha zamani alichokitoa. Na nguo usizozivaa kwa sababu ya kiuno au urefu tu, zipeleke zibanwe au zikatwe. Nguo isiyokutosha siyo nguo iliyokufa.

Najua utasema: mivumba, yaani mitumba, ni rahisi, kwa nini nilipe fundi? Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, linatuvisha wengi, na anayejua siku ya kufunguliwa kwa beli hurudi na koti zuri kwa bei ya chakula cha mchana. Siwakejeli wauza mitumba. Nchi za Afrika Mashariki zilipotangaza mwaka 2016 kwamba zitaiondoa hatua kwa hatua, Marekani ilitishia fursa zao za kibiashara, na nyingi zikalegea. Rais Museveni aliporudia mwaka 2023 kwamba Uganda itaipiga marufuku, akiziita nguo za wafu, wauzaji wa Owino walikuwa na hoja zao, nazo ni nzito. Hoja yangu ni ndogo kuliko siasa hiyo. Urahisi wa mivumba ndio unaotufanya tununue shati la kumi na saba. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na msala wa siku hizi hupita kila Jumamosi.

7. Usifunge mkono wa kutoa

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchanganya kununua na kutoa. Wanafuta mchango wa msiba, wanajisifu wameokoa.

Jirani akifiwa, peleka mabugo. Jina hilo limetokana na lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho watu walimletea mfiwa kumsitiri marehemu. Leo ni bahasha. Kamwe haiwi manunuzi. Mchango wa harusi ulioahidi ni deni, lipa. Kama umo katika nigiina, kikundi cha kutunzana kwa zamu, na zamu ya kumtunza mwenzako imeangukia ndani ya siku zako thelathini, timiza. Ulipopewa wewe, hakuna aliyekuambia yuko kwenye mfungo.

Kilicho cha kukataa ni vazi linalodaiwa kuandamana na shughuli. Una kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, Jumamosi? Mwanamke aazime vazi la gomesi kwa dada au shangazi. Mwanamume aazime kanzu au afue aliyonayo. Hakuna mkwe atakayekumbuka gomesi yako ilikuwa mpya, ila atakumbuka ulifika umechelewa kwa sababu ulipitia mjini kuitafuta.

Nyumbani, usitangaze amri. Kaa na mwenzako kabla ya kuanza, mwonyeshe orodha, umwache afute na kuongeza. Mfungo wa mmoja ndani ya nyumba ya wawili huwa upelelezi. Watoto waambie kwa lugha yao: mwezi huu tunatengeneza. Wape kazi ya kutafuta kilichovunjika, uwapeleke kwa fundi wakaone mwanasesere au baiskeli ikifufuliwa. Mgeni akija, pika vizuri kwa vilivyomo. Soda ya mgeni iwe kwenye *Ruhusa* tangu mwanzo. Haifai kuanza kumweleza mama mkwe kuhusu daftari lako.

8. Ukiteleza

Utateleza. Kwa wengi huwa kati ya siku ya tisa na ya kumi na tano, shauku ya mwanzo ikishapoa na mwisho haujaonekana.

Usiseme "basi, nimeharibu" ukamalizia mwezi kama kawaida. Andika ulichonunua, bei, na saa. Saa ina siri nyingi: utagundua ni jioni, ni baada ya kugombana na mtu kazini, au ni wakati wa kusubiri gari. Kitu chenyewe kifunge kama kilivyo, ukiweke juu ya kabati hadi siku ya 31. Kikibaki kizuri siku hiyo, ni chako. Usijitoze fidia kwa kujinyima chakula wala kwa kuongeza siku.

Na kuna dharura ambazo si kuteleza. Mtoto akipasua kiatu cha shule kisichoshoneka, nunua kiatu. Mwongozo ni fimbo ya kutembelea, usijichape nayo.

9. Siku ya thelathini na moja

Usikimbilie Lugogo. Keti na daftari.

Fungua ukurasa wa *Subiri*, ukate kila kitu ambacho leo hukumbuki kwa nini ulikitaka. Kisha soma ile safu ya *nilikiona wapi*. Hapo ndipo mwezi unapokulipa, kwa kukuonyesha nani hasa huwa anakuchagulia mahitaji: simu, njia fulani, rafiki fulani, saa fulani. Ukishamjua, miezi ijayo haitahitaji mfungo. Itatosha kuvuka barabara.

Halafu zile shilingi 110,000, au kiasi chochote ulichopata, zipe kazi siku hiyohiyo, kwa kuwa fedha isiyo na kazi hutafuta duka. Ziingize kwenye SACCO ya kazini au ya mtaani. Au uliza benki yako kuhusu dhamana za serikali za muda mfupi: Benki Kuu ya Uganda huziuza kwa siku 91, 182 au 364, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000. Wengi hudhani ni mambo ya matajiri wa Kololo. Kumbe ni soda, karanga na vocha za mwezi mmoja.

Mwisho, nunua kitu kimoja kati ya vilivyobaki, bila kujihukumu. Orodha yangu ilikuwa na vitu 14, nilikata 11. Nilikwenda Nakawa kununua sufuria yenye mfuniko unaofunga, niliyoitamani tangu siku ya nne na ambayo hadi leo haikai kabatini. Nilipanda kilima na mfuko mmoja. Katikati ya mlima mvua ikaanza, nikafungua mwavuli. Ubavu alioushona fundi kwa uzi mweusi wa viatu ulikunjuka pole pole, ukalia kidogo, ukashika.